Mama kakatazwa sukari, na kwetu sukari hutiwa ndani ya birika. Tufanyeje?

#1 Mjukuu wa Ngamiani

Wakuu, assalaam alaykum na habari za usiku kwa wote. Jambo nililonalo ni dogo, lakini siku ya tatu leo silali vizuri, na kila ninayemsimulia hapa Dodoma ananitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani, zile barabara za namba. Kwetu chai ya asubuhi hatuihesabu. Ipo, ila kila mtu anaigugumia anavyowahi, mwingine kasimama mlango wa uwani kiatu kimoja mguuni. Chai yenyewe ni ya alasiri. Wanaume wakirudi kuswali mkeka unatandikwa ukumbini, mama anatoka jikoni na birika. Birika la alumini, kubwa, lina kibonyeo ubavuni nilichokitia mimi mwaka 1994 nilipolifanya mlingoti wa goli. Bakora nilikula, birika halikutupwa.

Upikaji wake naujua kwa masikio. Kwanza kinu kidogo: tangawizi, kishindo kizito. Kisha iliki, kishindo chepesi. Mdalasini haupondwi, unavunjwa kwa mkono. Maji yakichemka yanaingia majani, na papo hapo sukari, ndani ya birika, kwa kikombe kilichokatika sikio: viwili na kidogo. Hicho "kidogo" hakuna aliyewahi kukipata. Dada yangu amejaribu tangu hajavunja ungo, leo ana watoto watatu na bado anaambiwa "umezidisha" au "umepunja".

Mkekani hakuna kijiko wala bakuli la sukari. Ukiomba sukari umemwambia mama hajui kupika chai. Kikombe cha kwanza cha mgeni, cha pili kilikuwa cha bibi, cha tatu cha baba. Baba, Mungu amrehemu, hakunywea kikombe, alimimina kwenye kisahani, akapuliza mara mbili, akavuta kwa sauti iliyosikika kwa jirani. Anayemimina anakunywa mwisho, kile kikombe chenye machicha. Na hakuna anayeanza kabla mtu wa mwisho hajaketi. Kuna siku tulimsubiri ami yangu aliyekuwa kibarazani anabishana Coastal Union na African Sports mpaka mbaazi zikapoa, na hakuna aliyethubutu kugusa kikombe.

Sasa. Mwezi uliopita mama kapimwa, ana kisukari. Daktari kamwambia sukari kwenye chai basi. Tangu hapo simu zinapigwa ndugu kwa ndugu kama kuna shamba la kugawana. Dada anasema yapikwe mabirika mawili. Mdogo wangu anasema tuache sukari wote, hajui kwamba ami ana miaka 70 na hataki kusikia habari hiyo. Mama mwenyewe hakubishana na mtu. Alisema tu, "Nyie kunyweni chai yenu, mimi nitakunywa maji ya moto."

Na ndivyo anavyofanya. Dada kanitumia picha: watu wamezunguka mkeka, vikombe vyekundu vya chai, na mama kashika kikombe cha maji meupe yanatoka mvuke. Ile picha ndiyo inayoninyima usingizi.

Mke wangu kwao Tukuyu, baba yake ana shamba la chai, si chai ya kununua. Kaniuliza: "Sukari ikiwekwa pembeni kila mtu akajitilia, tatizo liko wapi?" Nikafungua mdomo kumjibu nikakuta sina jibu. Ijumaa nakwenda Tanga. Nishaurini, na wazoefu wa Pwani mniambie kama ni sisi tu au na kwenu ndivyo.

#2 Kobe Hakimbii

Kwa kichwa cha uzi nilidhani ni zile chai zetu za humu, nikaja mbio na mkeka. Kumbe chai kweli. Nakaa hapahapa.

#3 Fundi Bomba

Mkuu, familia nzima mnashindwa na kijiko? Nunua bakuli lenye mfuniko, weka sukari, weka kijiko, kwisha. Mnapenda kujitesa watu wa Pwani.

#4 Shangazi wa Pangani

Wanangu hamjambo. Huyu wa #3 namsamehe kwa kuwa hajui.

Mimi nimeolewa mwaka 1977, nikaingia nyumba ya watu kumi na mmoja. Vita vya Kagera vilipokwisha 1979 hali ikawa ngumu, na ugumu wenyewe haukuisha upesi, mpaka kwenye 1984 huko ndipo vitu vilianza kuonekana tena madukani. Sukari ilikuwa ya foleni. Unaamka alfajiri unakwenda duka la kaya, unapanga jiwe lako kwenye mstari, unarudi kunyonyesha, unakwenda tena kulinda jiwe. Ukipata kilo mbili umeshukuru. Sasa kilo mbili hizo, watu kumi na mmoja, wazee wawili, mume, mashemeji, watoto. Ukiweka bakuli katikati ya mkeka, shemeji yako mwenye mkono mzito atatia vijiko vinne, na mtoto wa mwisho ataramba bakuli.

Mama mkwe wangu akaniambia, "Mkaza mwanangu, sukari itie birikani. Ikishayeyuka haina mwenyewe." Sijalisahau neno lile. Chai ikiwa tamu ni tamu kwa wote, ikiwa chapwa ni chapwa kwa wote, na kwa mzee wa nyumba pia. Siku ya kukosa kabisa tulipika kwa sukari guru, chai ikawa nyeusi kama kahawa na harufu ya miwa iliyoungua. Na ikikosekana hiyo guru, kila mtu anapewa tende moja anaiweka shavuni, anapitisha chai juu yake. Watoto waliona ni mchezo. Mimi nilikuwa najifanya kucheka.

Kwa hiyo nyumba yangu ilijifunza huko. Za wenzangu sijui.

#5 Bahari Kavu

Shangazi shikamoo. Maelezo mazuri ila kwetu Chumbageni bibi yangu alitia sukari birikani toka enzi za mkoloni, foleni haijazaliwa. Mimi nafikiri ni kwa vile chai yetu ni chai ya kupika. Chai ya Kizungu ni maji na majani, ukajitilie mwenyewe huko. Yetu ina tangawizi, iliki, mdalasini, wengine pilipili manga na karafuu, wengine mchaichai. Hicho ni chakula. Nani anapika mchuzi halafu anaweka chumvi pembeni kila mtu ajitilie?

#6 Shangazi wa Pangani

Marahaba baba. Na hilo nalo ni kweli.

#7 Fundi Bomba

Huo mfano wa mchuzi umenipiga chini. Naondoa kijiko changu.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku

Naandika nikiwa mapumzikoni kwa hiyo nitakwenda haraka.

Mjukuu, kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Vijiko vyetu vya Pwani havisawazishwi, vina kilima juu. Chukua hata hivyo vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku: gramu 36 hizo, kabla hajala kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima asiye na tatizo lolote, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Hapo namzungumzia mzima. Kwa hiyo daktari wa mama hakumwonea.

Pili, kabla hajaja mtu wa kusema "mpe asali" au "mpe guru ni ya asili": hizo ni sukari, mwili hauulizi zimetoka wapi. Kila wiki napokea mzee aliyehamia kwenye asali akidhani amepona.

Tatu, na hapa ndipo mtanichukia. Sukari ya birikani ni nusu ya habari. Pembeni ya birika kuna nini? Mahamri ya unga mweupe yenye sukari yake, vitumbua, mkate wa kumimina, kaimati zilizogaagazwa kwenye shira. Unaweza kumwondolea mama sukari kwenye chai ukampa mahamri manne, hujafanya kitu. Mpeni mbaazi, hizo ni nzuri kwake, ila tui liwe jepesi, na hamri liwe moja.

Nne, dawa zake asiziache kwa kuwa ameacha sukari. Na kama amewahi kuambiwa ana upungufu wa damu, chai asiinywe pamoja na chakula, aipishe saa moja hivi, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Nimeitwa wodini.

#9 Kobe Hakimbii

Mahamri MOJA. Nesi umekuja kuvunja ndoa za watu.

#10 Mchuma Jani

Nimezaliwa milimani huko Amani, Muheza. Babu yangu alichuma chai, mama akachuma chai, mimi nimechuma likizo nikiwa darasa la sita ili nipate hela ya daftari. Niwape upande wa shambani maana naona mnaizungumzia chai kama inatoka dukani.

Amani ndiko Wajerumani walikofungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakajaribisha kila mti duniani, na chai ikiwemo. Baadaye yakaja mashamba: Kwamkoro, Bulwa, Marvera, na upande wa pili Lushoto na Korogwe nako mna yenu. Mchumaji anachukua majani mawili na kichipukizi. Ukichukua jani la tatu, gumu, msimamizi anakumwagia kikapu. Ukungu wa asubuhi unakulowesha mpaka kiunoni, ndiyo maana tulifunga nailoni mbele kama aproni.

Kiwandani jani linanyaushwa, linasagwa, linaachwa libadilike rangi kutoka kijani kuwa kahawia, linakaushwa, linachekechwa. Inayotoka kwenye chekecheo la mwisho kabisa ni vumbi. Vumbi linatoa rangi upesi na kali, na pakiti nyingi za madukani kwetu ni hilo vumbi au karibu yake. Si baya. Lakini ukilichemsha dakika kumi kama mama zetu wanavyofanya linatoa ukakasi, ulimi unakuwa kama umelamba korosho mbichi, na hapo ndipo unahitaji vikombe viwili na kidogo vya sukari kuufunika.

Babu alikunywa chai bila sukari maisha yake yote, si kwa sababu ya ugonjwa. Alichemsha viungo peke yake kwanza, akaipua, ndipo akatia majani, akafunika, akahesabu taratibu mpaka mia mbili, akachuja. Iliki tulikuwa nayo nyuma ya nyumba, inaota chini ya miti mikubwa huko kwetu, na mdalasini tunabandua wenyewe. Ile chai haikudai sukari.

Kwa hiyo ushauri wangu: badilisheni upikaji kwanza, halafu sukari ishushwe kidogo kidogo, wiki hii kikombe kimoja na nusu, wiki ijayo kimoja. Msitangaze. Ulimi unazoea.

#11 Mke wa Mtu Tanga

Mimi ni mtu wa Moshi, nimeolewa Makorora, mwaka wa tisa huu. Nimesoma nikacheka mpaka mtoto kaamka.

Siku ya tatu ya ndoa nikapewa nipike chai ya alasiri. Nikaonyesha malezi. Chai nikaipika ya maziwa, bila sukari, nikaweka bakuli la sukari la kioo nililopewa zawadi, na vijiko vidogo vimepangwa kwenye trei. Nikaona nimeua.

Mama mkwe akaitazama trei. Hakusema kitu. Akachukua kisahani chake, akakifunika juu ya kikombe, taratibu, akaendelea kunisimulia habari za harusi nyingine. Wifi yangu akanyanyuka akabeba birika zima jikoni. Lilivyorudi lilikuwa na sukari, bakuli langu halikuonekana tena. Nikalia usiku ule. Mume wangu ananiuliza "Kwani nini?" hata hajui kama kuna lililotokea.

Baada ya miaka miwili hivi ndiyo nikaelewa. Kuweka bakuli kwao ni kama kumwambia mtu "jihudumie". Sawa na hotelini. Mgeni anajihudumia, wa nyumbani anahudumiwa. Mwambie mkeo wa Tukuyu asinune, atazoea. Bakuli langu sasa naweka vishikizo.

#12 Pweza wa Deep Sea

Nyote mnasahau kahawa. Mwanaume wa Tanga saa kumi anakaa barazani na kahawa chungu na kashata, hizo chai za ukumbini ni za kina mama.

#13 Bahari Kavu

Kahawa unainunua kwa muuza kahawa, unakunywa na wanaume wenzio mkimsengenya mbunge, halafu unarudi nyumbani unakunywa chai ya mkeo kama hujanywa kitu. Kila mtu anajua. Rudi kwenye mada.

#14 Mjukuu wa Ngamiani

Nimesoma yote, asanteni sana. Shangazi wa Pangani, "ikishayeyuka haina mwenyewe" nimemsomea mke wangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa mama yako ndiye ameachwa nje ya birika." Sikuwa nimeliona hivyo.

Nimeelewana na dada kwa siri. Tunafuata njia ya Mchuma Jani, tunashusha kidogo kidogo, mama asijue. Nesi, la mahamri tutaliongea nikifika.

#15 Kobe Hakimbii

Kumdanganya mama wa Kitanga jikoni kwake. Tunasubiri mrejesho, na pole mapema.

#16 Mjukuu wa Ngamiani — MREJESHO

Wakuu nimerudi Dodoma jana usiku. Kobe, pole yako nimeipokea.

Nilifika Tanga Ijumaa magharibi, na machungwa ya Muheza nusu gunia kwa ajili ya shemeji. Jumamosi alasiri dada akaingia jikoni mwenyewe, akasema mama apumzike. Akafuata kila kitu: viungo kwanza, akaipua, akatia majani, akafunika. Sukari kikombe kimoja na nusu. Mimi niko uwani najifanya natengeneza baiskeli ya mpwa wangu.

Mama alikuwa chumbani anakunja nguo. Akapaza sauti kutoka hukohuko: "Mwanamkasi [ndivyo anavyomwita dada akitaka kumsuta], hicho cha pili mbona hakikujaa?"

Wakuu, alisikia. Mimi najisifu najua chai kwa masikio, kumbe niliipata wapi. Kikombe kile cha bati kikikwangua sukari kina mlio, na yeye kauhesabu miaka arobaini.

Akaja jikoni, akatuangalia mmoja mmoja, akaketi kwenye kibao cha mbuzi. Ikabidi niseme yote. Nikamwambia ile picha ya maji ya moto inaniumiza. Halafu nikamuuliza swali ambalo, Mungu anisamehe, mwezi mzima hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: "Mama, kwani chai isiyo na sukari huiwezi?"

Akasema, "Naiweza, kwa nini nisiiweze. Nilipokuwa na mimba yako sikutaka kitu kitamu miezi yote, nilikunywa kavu."

"Sasa mbona unakunywa maji?"

Hapo akakaa kimya kidogo, akawa anafuta kikombe cha sukari kwa ncha ya kanga ingawa kilikuwa kisafi. Akasema, "Kwa sababu mkinipikia yangu yatakuwa mabirika mawili. Unamkumbuka ami yako mkubwa?"

Namkumbuka. Yule alihamia Mabokweni nikiwa mdogo, kukawa na maneno ya urithi, tukakaa miaka tunasalimiana msibani tu.

"Hakuhama siku ile mlipomwona anabeba kitanda. Mkewe alileta birika lake jikoni hapa, akasema yeye chai yetu inamtia kiungulia. Tukaona sawa. Likawa birika lake, likaja jiko lake, likaja kufuli la kabati. Kitanda kilikuwa cha mwisho. Mimi nikiwa hai humu ndani birika ni moja. Kama la kwangu ni maji, basi niletewe maji."

Dada akaanza kulia. Mimi nikawa natazama mnyororo wa baiskeli ambao ulikuwa umebaki mkononi mwangu, mafuta yamenijaa mpaka kwenye kiwiko.

Aliyetufungua ni mke wangu. Hakuwa amesema neno tangu tufike, alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Akasema kwa adabu zote, "Mama, samahani. Birika likabaki moja, kavu, na sukari ikaingia kikombeni kabla ya chai, ila ukaitia wewe mwenyewe. Si kila mtu kujitilia. Wewe."

Mama akamtazama muda mrefu. Nikajua hapa ama tumepona ama tumekwisha. Akasema, "Lete vile vikombe."

Vikapangwa kwenye sinia, tisa. Akaomba kijiko, dada akatafuta kijiko cha chai nyumba nzima hakipo, tukaazima kwa jirani. Jirani naye akataka kujua tuna mgonjwa gani wa kunyweshwa dawa. Mama akaanza kutia. Wakuu, ndipo nikagundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa anatujua. Akatia cha ami vijiko vitatu, akanong'ona "huyu siku zote aliona haitoshi, akawa anaona haya kusema". Cha dada kimoja, "wewe hukuwa unaimaliza". Cha mke wangu akatia nusu bila kumuuliza, na ni kweli mke wangu anakunywa nusu. Ile "viwili na kidogo" ilikuwa hesabu ya kutupatanisha sisi tisa. Sasa imevunjika, kila mtu kapata yake, ila bado imetoka mkono uleule.

Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa anafuatilia sinia kwa kidole. Akafika mwisho akasema, "Bibi, chako umekisahau."

"Sijakisahau," akasema, akaanza kumimina.

Tulimsubiri ami amalize ubishi wake kibarazani. Alipokuja akaonja, akaonja tena, akasema chai ya leo imekaa sawa, nani kapika? Hakuna aliyemjibu.

Mchuma Jani, ule upikaji wa kuipua kabla ya majani mama kaukubali, ila kahesabu mpaka mia tatu, anasema mia mbili ni haraka ya watu wa mlimani. Kakiri ukakasi umepungua. Shangazi wa Pangani, nimemsimulia habari ya tende shavuni, akasema kwao walitumia halua siku wakiipata, na anakusalimu.

Nesi, la mahamri bado. Tulikubaliana moja. Alikula moja mbele yetu, na la pili akasema ni nusu tu, akalimaliza. La tatu nililiona likiingia kwenye pindo la kanga. Nikatazama pembeni.

#17 Mke wa Mtu Tanga

Mkeo ameweza. Kavu, sukari kikombeni, mkono wa mama mkwe. Mimi ilinichukua miaka miwili kuelewa na sikupata la kusema.

#18 Fundi Bomba

Kwa hiyo kijiko kilihitajika.

#19 Kobe Hakimbii

Fundi toka hapa.

#20 Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimefurahi kwa ajili ya mama. Hilo la pindo la kanga nimeliona hata mimi nikiwa huku. Kesho asubuhi kabla hajala apime, uniandikie namba.